Nati ya Arobaini na Moja

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, Bakili Nachunga alifunga kipande cha stenlesi, chuma kisichoshika kutu, kwenye mashine yake ya kukereza, akakizungusha kwa mkono mara mbili kuona kama kinayumba, kisha akawasha. Karakana ilikuwa mtaa wa Gerezani, mlango wa tatu ukitokea kituo cha mwendokasi, kati ya muuza beringi na muuza vioo vya magari. Ilikuwa na mashine nne. Ya Bakili ilikuwa ya ndani kabisa, chini ya feni isiyozunguka, na alikuwa ameisimamia kwa miaka thelathini na minne.

Kazi yenyewe ilikuwa nati arobaini za kukazia stendi za dripu. Aliyeziagiza ni Sabaha, mwanamke mwenye duka la vitanda na vifaa vya hospitali kule Mchafukoge. Alizitaka za duara, milimita ishirini kwa upana, na ubavuni ziwe na meno madogo yaliyokingamana, yale yanayofanya vidole vya muuguzi visiteleze hata vikilowa. Meno ya namna hiyo hayachongwi. Vigurudumu viwili vidogo vya chuma kigumu hukandamizwa kwenye nati inayozunguka, vikaacha alama zao, kama kitana kinavyoacha alama kwenye unga wa maandazi.

Nati ya kwanza ilitoka vibaya. Mzunguko wa kwanza wa vigurudumu uliacha meno mazuri, lakini mzunguko wa pili haukuangukia mle mle. Uliangukia pembeni kidogo, na wa tatu pembeni zaidi, mpaka meno yakapandana na ubavu wote ukawa mikwaruzo tu. Ya pili ikatoka hivyo hivyo. Kufika adhuhuri zilikuwa saba mezani, zote hazifai.

"Mzee Bakili," alisema Godbless, aliyefanya kazi kwenye mashine ya jirani, "hiyo ni nati au ni mtu katoka tetekuwanga?"

"Angalia beringi zako."

"Mimi beringi zangu hazina upele."

Lakini alipokwenda kununua chai alirudi na vikombe viwili, na cha Bakili alikuwa amekitia tangawizi nyingi, kama mzee alivyopenda, bila kuulizwa.

Bakili alibadilisha vigurudumu. Alivisafisha kwa mafuta ya taa. Alipunguza mwendo wa mashine, akakandamiza kwa nguvu, kisha akakandamiza taratibu. Stenlesi haipendi kubembelezwa. Ukiigusa kwa woga inakuwa ngumu zaidi. Kila alipomaliza nati aliipitishia dole gumba ubavuni ingali inazunguka, kusikia ilivyokaa.

Hivyo ndivyo alivyofundishwa na marehemu Mzee Kitwana, aliyekuwa na mashine hiyo kabla yake. Karakana ilikuwa na maikromita moja tu ya kupimia unene, ya Kijerumani, ndani ya kisanduku chenye kitambaa cha buluu, na bosi aliifungia kwenye droo ya ofisini ili isiharibike. Kwa hiyo mafundi walipima kwa venia kuukuu, rula ya chuma yenye taya zilizolika ncha, na pale venia iliposhindwa walipima kwa kidole. Kidole kikizoea kinasikia hata unene wa karatasi ya sigara. Mzee Kitwana alipofariki, waliomwosha walisema viganja vyake vilikuwa laini kama vya mtoto mchanga, na vidole havikuwa na mstari hata mmoja. Walilisema kwa sifa.

Jumanne asubuhi Bakili aliomba ruhusa ya muda wa saa mbili, akampeleka mkewe kliniki.

Mkewe aliitwa Maimuna, na alikuwa na presha ya macho. Jicho la kulia lilikwisha kuzima mwaka juzi. La kushoto lilikuwa linaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba, na bomba lilikuwa linazidi kuwa jembamba. Alikuwa akimtazama Bakili anaiona pua tu.

"Masikio yako nimeyasahau yalivyo," alimwambia siku moja.

"Makubwa."

"Hilo nakumbuka."

Daktari alikwisha sema linahitajika dripu la kushusha presha ya jicho, kisha upasuaji mdogo, na yote yafanyike kabla ya mwezi kwisha, la sivyo na la kushoto litazima. Bima ya karakana ilikuwa inamhusu Bakili na mkewe, na ilitosheleza kila kitu. Kilichobaki ni Bakili kuweka kidole kwenye kioo cha mashine ya alama za vidole, dirisha namba mbili, ili mfumo umtambue. Zamani ilikuwa sahihi. Tangu mwaka huu ni kidole.

Ilikuwa mara ya tano wanakwenda.

"Shikamoo babu. Shikamoo bibi," alisema Violeth, msichana wa dirishani.

"Marahaba mwanangu."

"Leo tuanze na cha pete. Labda cha pete hakijafanya kazi sana."

Bakili akaweka kidole cha pete. Mashine ikatoa sauti ya mwanamke mwenye adabu: Alama haisomeki, tafadhali jaribu tena. Wakajaribu tena. Violeth alifuta kioo kwa pindo la mtandio wake. Alitoa losheni mkobani mwake, ya kwake mwenyewe, akampaka babu vidole vyote kumi kimoja kimoja. Alimpa kikombe chake cha chai akishike ili viganja vipate joto. Vidole vikapata joto, vikanukia maua, na mashine ikasema haisomeki.

Violeth aliita msimamizi. Ramadhan alikuwa mtu mpole wa miaka kama arobaini, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alimvutia Maimuna kiti kwanza, ndipo akatazama skrini.

"Mfumo haumwoni," alisema.

"Mimi namwona," alisema Violeth.

"Wewe siyo mfumo."

Walirudi nyumbani kwa miguu, Maimuna ameshika mkono wa shati la mumewe. Walikaa Kariakoo, chumba kimoja katika nyumba ya zamani iliyobaki peke yake katikati ya maghorofa, mahali ambapo jua lilifika uani kwa dakika ishirini tu, saa sita. Maimuna alizaliwa humo. Toka usichana wake alikuwa anadarizi kofia, na watu walitoka mpaka Bagamoyo kuzifuata. Sasa alidarizi kwa kupapasa zaidi kuliko kuona, kofia moja kwa mwezi, akikaa mlangoni penye mwanga.

Jioni ile Bakili alitoa nati moja mbovu mfukoni, akaiweka mkekani. Maimuna akaichukua, akaipapasa.

"Hii imefanya nini, Baba Chiku?" Chiku alikuwa binti yao, aliyeolewa Tanga.

Bakili akamweleza: meno yanaanza vizuri, kisha yakizunguka na kurudi yalikoanzia hayakutani.

"Mbona hilo ni jambo la kofia," alisema Maimuna.

Akamwekea mkononi ukanda aliokuwa anaudarizi, ule wa ubavuni mwa kofia, wenye viua vilivyopangana. "Ukianza kiua cha kwanza hapa, ukaenda ukaenda, ukafika mwisho, lazima kiua cha mwisho kikae kizima kando ya cha kwanza. Kitambaa kikizidi kidogo, unabaki na nusu kiua. Wanafunzi wangu walikuwa wakifika hapo wanabana maua ili yaenee. Inakuwa mbaya, kila mtu anaona."

"Wewe unafanyaje?"

"Ua siligusi. Napunguza kitambaa."

Bakili aliupitisha ukanda ule vidoleni mpaka mwisho. Kisha aliinuka akamwekea mkewe maji ya kuoga, akayachanganya mpaka yakawa ya uvuguvugu, na usiku ule akalala mapema.

Jumatano, kabla Godbless hajafika, alikata utepe wa karatasi kutoka kwenye boksi la beringi, akauzungusha kwenye kipande cha stenlesi na kuukata pale ncha zilipokutana. Akaulaza utepe mezani. Akachukua kigurudumu kimoja, akakipaka grisi nyeusi, akakiviringisha juu ya utepe kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole, kisha akahesabu alama kwa ncha ya sindano aliyoazima nyumbani. Zilikuwa sitini na mbili na kipande. Kipande hicho ndicho kilichokuwa kinaharibu kazi.

Akarudisha chuma kwenye mashine akakipunguza kidogo. Akazungusha karatasi nyingine. Sitini na mbili na kipande kidogo zaidi. Akapunguza tena, mara hii kama robo ya milimita kwa jumla, akipima kwa dole gumba, na utepe wa nne ukatoa alama sitini na mbili kamili, ya mwisho ikikaa kando ya ya kwanza kama majirani. Alijua pia kwamba meno yakikandamizwa, chuma kinachokimbia chini huinuka pembeni, kwa hiyo nati itarudi kwenye milimita zake ishirini yenyewe. Alipoona hivyo alicheka peke yake.

Akashusha mwendo wa mashine, akamwaga oili bila uchoyo, akakandamiza vigurudumu kwa mara moja bila kusita. Akahesabu mizunguko ishirini. Akazima. Akafuta nati kwa kitambaa, akaipeleka mlangoni penye mwanga.

Hakuna jino lililopanda jingine. Mistari ilikuwa safi, imeenea sawasawa, imekutana mwisho na mwanzo bila kuonyesha mshono. Ila haikuwa imekingamana. Ilianza chini, ikapanda, ikapinda, ikazunguka kitovu kidogo mara kumi na moja kabla ya kushuka upande wa pili. Katikati ilikatwa na kovu la mshazari.

Bakili alilijua kovu lile. Alilipata Newala akiwa na miaka tisa, akibangua korosho kwa kisu cha mjomba wake. Aliitazama nati, akalitazama dole gumba lake la kulia, ambalo lilikuwa laini na halina kitu.

"Umeipata?" aliuliza Godbless, aliyekuwa anaingia na funguo mkononi.

"Nimeipata."

Godbless akaichukua, akaigeuzageuza. "Hii si ya kwako hii? Hili gumba."

"La kwangu."

"La kulia."

"La kulia, ndiyo."

Godbless akaipaka mate, akajaribu kuizungusha kati ya vidole. "Haitelezi," alisema, akamrudishia.

Nati ya pili ilitoka na kidole cha shahada. Ya tatu ilitoka na cha kati, chenye alama ndogo ya mviringo mahali ambapo mwaka elfu mbili na nne cheche ilimwangukia. Ya tano ilikuwa cha mwisho. Ya sita ilianza mkono wa kushoto. Kwenye nati ya kumi na moja kazi ikarudi gumba la kulia, na kwa hiyo Bakili akajua mpango wake, akaendelea bila kuhangaika. Mchana Godbless alimwomba ajaribu moja kwenye mashine ile ile, kwa vigurudumu vile vile. Ikatoka na meno ya kawaida, yaliyokingamana vizuri kabisa.

"Basi siyo mashine," alisema Godbless.

"Siyo mashine."

"Miaka thelathini na minne, mzee. Lazima vidole vilikuwa vimekwenda mahali."

Bosi alitoka ofisini saa tisa, akatazama zile zilizokwisha, akauliza kama vipimo ni sawa. Bakili akamwambia ni sawa. Bosi akasema safari nyingine wasipoteze siku mbili kwa nati, akarudi ndani.

Alhamisi mchana nati arobaini zilikuwa tayari, seti nne za vidole kumi kumi. Desturi ya karakana ni kuongeza moja, kwa ajili ya kupotea njiani. Ya arobaini na moja ilikuwa gumba la kulia.

Sabaha alikuja mwenyewe kuzichukua. Alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye tabia ya kujaribu kila kitu kabla ya kukipokea. Aliomba ndoo ya maji na sabuni, akalowesha mikono mpaka povu likafika viwikoni, akaikaza nati moja kwenye stendi aliyokuja nayo, akailegeza, akaikaza tena.

"Fundi, hizi sizo nilizochora."

"Sizo."

"Nilichora vipembe vipembe."

"Zilikataa."

Alitazama nati kwa karibu, kisha mikono ya Bakili, kisha nati. "Na hii inashika kama mtu," alisema. "Sawa. Za vipembe zinauma vidole." Alipotaka kuondoka alirudi, akamwachia chupa ndogo ya mafuta ya nazi. "Ya mikono," alisema. Bakili akamshukuru. Nati ya ziada Sabaha hakuitaka, kwa sababu alihesabu arobaini, na arobaini zilikuwapo.

Maimuna aliipokea ile nati saa kumi na moja jioni, amekaa mlangoni. Aliizungusha mara moja tu kati ya vidole vyake, akasimama pale penye kovu.

"Hii ni korosho ya Newala."

"Ndiyo."

"Nilifikiri imeisha."

"Mkononi iliisha."

Maimuna aliendelea kuipapasa. Alikuwa anaifahamu mistari ile kuliko mtu mwingine yeyote. Walipooana, kabla umeme haujaingia nyumba ile, alikuwa akimjua mumewe gizani kwa vidole, na miaka ilivyokwenda alisikia vidole vinapungua, mwaka huu mstari mmoja, mwaka ule miwili, mpaka ikawa anashikwa na mkono kama bilauri. Hakuwahi kulisema, kwa kuwa mtu hamwambii mumewe neno kama hilo.

"Nilikuwa najiuliza vinakwenda wapi," alisema.

Akaifunga nati kwenye ncha ya khanga, akapiga fundo.

"Jumamosi mpelekee yule binti wa dirishani."

Jumamosi kliniki ilikuwa na watu wachache. Violeth alimsikiliza Bakili akieleza, akanyoosha mkono, akaiviringisha nati juu ya kioo taratibu, kama mtu anayesukuma chapati. Taa ya kijani ikawaka. Alama imesomeka, ilisema sauti ya mwanamke mwenye adabu. Alama ni bora. Endelea na usajili.

Violeth alipiga makofi mara moja, kisha akaziba mdomo kwa sababu palikuwa na wagonjwa. Akaanza kujaza fomu. Kwenye mstari wa tatu alisimama, akamwita Ramadhan.

Ramadhan aliitazama nati na skrini. "Alama ni ya nani?"

"Yangu," alisema Bakili.

"Iko wapi?"

"Kwenye nati."

"Mkononi kwako haipo?"

"Haipo."

Ramadhan alikuna kichwa kwa kalamu. Hakuwa anafurahia. "Kanuni inasema mwanachama ni yule ambaye alama iko juu yake. Mzee wangu, hapa alama iko juu ya nati."

"Basi?"

"Basi mwanachama ni nati."

Violeth alisema hilo haliwezekani kuwa sawa, na Ramadhan akasema hakusema ni sawa, alisema ni kanuni. Waliendelea. Jina, Bakili Nachunga. Tarehe ya kuzaliwa waliandika Alhamisi iliyopita, maana mfumo ulikataa tarehe nyingine yoyote. Uzito walipima kwenye mizani ya dawa, gramu thelathini na mbili. Kazi, kukaza. Hali ya ndoa, ameoa. Kwa ajili ya picha Violeth aliiweka kitini juu ya majalada sita ili ifikie kamera, akaigeuza mpaka kovu likatazama mbele.

"Kwa hiyo mume wangu ndiyo hii," alisema Maimuna.

"Kwa mujibu wa mfumo, bibi."

"Afadhali. Hii haikoromi."

Violeth alicheka mpaka akatoa machozi. Ramadhan naye alitabasamu, lakini aliinama kuficha.

"Na mimi mnaniandika nani?" aliuliza Bakili.

Ramadhan alitafuta kwenye orodha, kutoka juu hadi chini, na hakukuwa na nafasi nyingi. "Msindikizaji," alisema.

"Msindikizaji anapata nini?"

"Matibabu hapati. Anaruhusiwa kukaa kwenye benchi."

Bakili akafikiri. Kisha akasema sawa, ili jicho liwahiwe.

Jumatatu iliyofuata Maimuna alilazwa chumba cha ndani kwa ajili ya dripu. Wasindikizaji hawaruhusiwi kuvuka mlango wa kioo, kwa hiyo nati iliingia naye, ikawekwa kwenye kisahani karibu na mto, na Bakili akakaa kwenye benchi. Muuguzi alivuta stendi mpya iliyoletwa wiki ile na Sabaha. Akapandisha chuma, akakaza.

Sindano ilipokuwa inakaribia Maimuna alipeleka mkono wake huru pembeni kutafuta kitu cha kushika, kama watu wafanyavyo. Ulifika kwenye nati ya stendi. Ilikuwa kidole cha shahada cha kulia. Alikijua papo hapo, akakishika. Sindano ilipoingia alikibana kwa nguvu zake zote. Nje, kwenye benchi, Bakili alianza kusugua kidole chake cha shahada, na mama mmoja aliyekaa naye akamuuliza kama kinauma.

"Kuna mtu kanishika," alisema Bakili.

Mama yule akasogea kidogo ili amwachie nafasi.

Upasuaji ulifanyika kesho yake, ukaenda vizuri. Kilichokwisha potea hakikurudi, daktari alisema hakirudi, lakini bomba halikuzidi kuwa jembamba. Bandeji ilipofunguliwa Maimuna alimtazama mumewe kwa muda.

"Naona pua," alisema. "Na sikio nusu."

"Lipi?"

"La kushoto. Ni kubwa kweli."

Akarudi kwenye kofia zake. Bakili akarudi Gerezani, ambako Sabaha alikuwa ameleta agizo jipya, nati mia nne, za namna ile ile, kwa sababu hospitali za mikoani zilisikia habari zake. Bosi alipokea agizo hilo kwa furaha. Bakili alikwenda ofisini akasimama mlangoni, akauliza kama kwa kazi kubwa namna ile wangeweza kutumia maikromita.

"Ile ni ya Kijerumani," alisema bosi. "Ikianguka?"

"Haitaanguka."

"Si unapata vipimo sawa bila hiyo?"

Bakili alikubali kwamba anapata. Droo ikabaki imefungwa.

Kwenye nati ya mia na kumi uzi wa chuma wa moto uliruka kutoka kwenye mashine, ukamwingia kati ya kidole cha shahada na gumba la kushoto. Siku ya pili mkono ulivimba. Godbless aliifunga karakana upande wao, akamsindikiza mpaka kliniki, akamwinua kwenye ngazi kwa kiwiko kana kwamba wanatembea tu.

Dirishani mfumo ulimkubali mwanachama mara moja. Daktari aliipokea nati, akaipima joto, akaona iko chini kidogo lakini si ya kutisha. Aliigonga kwa kidole akasikiliza. Akaifuta kwa spiriti, akaandika kwamba afya ni njema, ila ijiepushe na unyevu. Alikuwa daktari mwangalifu, alitumia dakika kumi nzima.

Bakili alikaa kwenye benchi, mkono juu ya paja. Ulipofika muda wake wa chakula Violeth alitoka na beseni dogo, maji ya chumvi, na kibanio cha nyusi alichokichemsha kwenye birika la ofisini. Aliupinda mgongo, akautafuta ule uzi, akautoa kwenye jaribio la tatu. Akamfunga babu kwa leso yake safi ya pinki. Chakula chake kilipoa, akakila kimepoa. Ramadhan alipita akaona, akatazama ukutani.

"Pole, Mzee Nachunga," alisema akiwa anatazama huko huko.

"Nishapoa."

Kesho yake Bakili alikuwa kwenye mashine. Nati ya mia na kumi na moja, ambayo ilikuwa gumba la kulia, aliimaliza kwa mkono mmoja, na ilipokuwa ingali inazunguka aliipitishia dole gumba ubavuni kusikia ilivyokaa. Ilikaa vizuri.

Habari zilienea kama zinavyoenea Kariakoo. Mwezi uliofuata alikuja kliniki mwanamke mmoja mwenye mgahawa mtaa wa pili kutoka pale, amebeba mchi wa kinu, akasema vidole vyake vilikuwa humo. Violeth akaukanyagisha mchi kwenye kioo na taa ikawaka. Akafuata mwashi na mwiko wake. Akafuata dobi mzee wa Mchafukoge na pasi ya mkaa, ambayo ilibidi waiache ipoe kwanza. Kila mmoja alipewa kadi. Kila mmoja aliyekuja na mwanachama aliandikwa msindikizaji, na kwa kuwa walikuwa wengi, kliniki ikanunua benchi la pili.

Bakili na Maimuna waliendelea kwenda kila mwisho wa mwezi kupima presha ya jicho. Maimuna aliishonea mfuko mdogo wa kitambaa cha kofia, wenye viua kuzunguka mdomo wake, vyote vizima, ili nati isikwaruzwe na funguo. Bakili aliubeba kwenye mfuko wa shati.

"Bakili Nachunga!" aliita Violeth kutoka dirishani.

Bakili aliinuka, akafungua mfuko, akaitoa nati, akaifuta kidogo kwa ncha ya shati, akampa. Kisha akarudi kwenye benchi. Mwashi alikuwa amemshikia nafasi.